Fuwele zilizotokea usiku mmoja: ni za protini au ni chumvi?

Muulizaji

Habari za kazi, ndugu wataalamu. Ninasafisha bromoperoksidezi yenye vanadi (kimeng'enya kinachobeba metali ya vanadi na kuunganisha bromini na molekuli nyingine) kutoka katika mwani mwekundu wa jenasi Amphiroa, ule mgumu unaosagika kama chokaa, niliouokota kwenye miamba ya pwani yetu wakati wa maji kupwa. Niliusaga katika bufa (myeyusho unaodumisha pH) ya fosfeti ya milimola 50 yenye pH 7, nikayatenga mashapo kwa sentrifuji, nikaikusanya protini kwa amoni salfeti, kisha nikaipitisha kwenye safu ya kubadilishana ayoni na hatimaye kwenye safu inayotenganisha molekuli kwa ukubwa. Kwenye jeli ya asilimia 8, inayotenganisha minyororo ya protini kwa uzito, naona mstari mmoja tu, karibu na kilodaltoni 65 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli).

Nilitega matone ya mikrolita 2 yaning'inie juu ya mchanganyiko wa PEG 4000 (polima inayosukuma protini ijipange kuwa fuwele) na kalsiamu kloridi, na asubuhi yake nikakuta fuwele ndogo zenye kingo kali, zinazong'aa kama sukari. Hata hivyo mambo mawili yananikera: utendaji wa kimeng'enya hushuka kila ninapopiga hatua, na protini niliyoikoleza ina rangi ya waridi. Je, nizipeleke fuwele hizi kwenye eksirei?

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, usizipeleke bado. Fosfeti ikikutana na kalsiamu huunda chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi, nawe umezikutanisha ndani ya tone moja, mbali na kalsiamu iliyotoka kwenye kuta za mwani wenyewe, ambazo zimejaa kalsiamu kabonati. Chukua sindano nyembamba, uiguse fuwele moja chini ya darubini. Fuwele ya protini, ambayo mara nyingi karibu nusu yake ni maji, husagika bila ubishi. Ya chumvi huikataa sindano, na ikipasuka utausikia mpasuko huo vidoleni. Kipimo kisicho na gharama ni kutega tone lenye bufa tupu bila protini. Fuwele zikiota humo, shauri limekwisha.

Kuhusu utendaji, namshuku mkosaji yuleyule. Vanadeti, yaani vanadi iliyoungana na oksijeni ambayo kimeng'enya chako kinaihitaji, na fosfeti zina umbo linalokaribiana sana, kiasi kwamba vanadeti ikibanduka kutoka kwenye kimeng'enya, fosfeti hushindania nafasi hiyo na kuizuia isirudi. Anza upya kwa Tris, bufa isiyo na fosfeti, yenye pH 8 hivi, tangu kusaga hadi safu ya mwisho. Ukimaliza kusafisha, kiache kimeng'enya usiku kucha pamoja na vanadeti ya milimola 1, ukipime kabla na baada, halafu ndipo uondoe ziada kwa dayalisisi, yaani kuipitisha nje ya utando unaopenyeza molekuli ndogo tu. Myeyusho wa vanadeti ukiwa na rangi ya manjano, usiutumie hivyo hivyo, kwa sababu molekuli zake zimeungana kumi kumi. Uweke kwenye pH 10 na kuuchemsha hadi uwe mweupe kama maji.

Muulizaji

Nashukuru sana. Tone tupu limetoa fuwele zilezile, tena nzuri kuliko za awali, nami nilikuwa nimekwisha kuwapigia picha wenzangu. Nimehamia Tris, na baada ya vanadeti, fenoli nyekundu, rangi ninayoipimia utendaji, inageuka bluu upesi kuliko nilivyowahi kuona. Rangi ya waridi, hata hivyo, imebaki palepale.

Jibu la pili

Hiyo ni fikoeritrini, protini ambayo mwani mwekundu huitumia kunasa mwanga. Haikuonekana kwenye jeli yako kwa sababu sehemu zake nyingi zina takriban kilodaltoni 20, na kwenye jeli ya asilimia 8 hukimbilia chini kabisa au kutoka nje pamoja na rangi ya mbele. Rudia kwa jeli ya asilimia 15, na upime ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 565 pamoja na 280 katika kila chupa inayotoka kwenye safu.

Safu yenyewe pia naitilia shaka. Muundo wa kimeng'enya cha Corallina officinalis, ndugu wa karibu wa mwani wako, uliochapishwa mwaka 2000 kwa uwazi wa angstromu 2.3, ulionyesha minyororo 12 iliyokusanyika kama mpira, yaani zaidi ya kilodaltoni 700. Fikoeritrini nzima ina takriban 240, kwa hiyo zikitoka pamoja, safu yako ni ya molekuli ndogo na zote mbili zinapita pembeni bila kutenganishwa. Tafuta safu inayofika kilodaltoni elfu kadhaa. Nakuomba pia usinakili masharti ya kuotesha fuwele za kimeng'enya cha Ascophyllum nodosum, ambaye muundo wake ulitoka mwaka 1999, kwani yule ni mwani wa kahawia na kimeng'enya chake kina minyororo 2 tu. Nyuso zinazogusana ndani ya fuwele si zilezile hata kidogo.

Mpira wa minyororo 12 ukiwa umekamilika, una ulinganifu mwingi wa kuusaidia kujipanga, lakini vipande vilivyovunjika vikichanganyika nao, tone hugeuka utando. Kabla ya kutega tena, pima ukubwa wa chembe kwa mtawanyiko wa mwanga, na ukiona vilele viwili, rudi kwenye safu. Kalsiamu unaweza kuibakiza, maadamu fosfeti haimo tena.