Tupeane uzoefu: Vyuo vya Minnesota, wewe ulitua wapi?

Mtu wa Ziwa: Wakuu, leo mpwa wangu kanipigia kutoka Mwanza, furaha tele: "Mjomba, nimepata Chuo Kikuu cha Minnesota!" Nikamuuliza, kipi? Akakata simu, kadhani namkejeli. Chuo chenyewe, huko jimbo la Minnesota, Marekani, kina kampasi tano: Minneapolis na St. Paul inahesabiwa moja, halafu Duluth, Morris, Crookston na Rochester. Hapo sijagusa mfumo mwingine wa vyuo vya umma, Minnesota State, wenye Mankato, St. Cloud, Winona, Bemidji na wenzao, wala vile vya binafsi. Mliopita huko, yaliwakuta yapi?

Barafu Tupu: Hilo "kipi" lingeniokoa mwaka mzima.

Bin Kigoma: Mkuu umenitonesha kidonda. 2009, wakala mmoja Dar kanionyesha picha: maghorofa, Mto Mississippi unakata katikati ya chuo, wanafunzi wanavuka daraja kwenda darasani. Barua ikaja imeandikwa Minnesota, roho kwatu. Nikatua Minneapolis Januari na koti la mtumba kutoka Karume, lile la kuendea Mbeya. Dereva teksi kaisoma anwani mara mbili, akacheka mpaka akaegemea usukani. Chuo changu kilikuwa mwendo wa saa tano kwa gari, huko karibu na mpaka wa Dakota Kaskazini. Mfukoni nina dola 140.

Nikarudi ndani kukaa kwenye benchi. Nampigia kaka kwa kadi ya simu, najikaza nisilie, mara mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa anapiga deki akasimama: "Wewe mtoto wa nani?" Kiswahili cha Eastleigh kabisa! Akaniambia nisiondoke mpaka amalize zamu. Usiku ule nililala kwake Cedar-Riverside, yale maghorofa marefu, nikanywa chai ya tangawizi na sambusa. Asubuhi kanivisha koti la mwanawe, kanikatia tiketi ya basi, na pesa yangu kaikataa.

Nafika huko, digrii 31 chini ya sifuri. Nje ya mji naona vilima vya mawe, nikasema hawa wanajenga nini kikubwa hivi? Ni viazisukari, wanavirundika nje majira yote ya baridi vimeganda! Na kozi niliyoombea haikuwepo. Nilivumilia muhula mmoja nikahama. Ila niseme ukweli, darasani tulikuwa kumi na wawili na mwalimu alinijua kwa jina. Kule mjini nilikohamia, ukumbi mmoja watu mia tatu, nilimaliza hakuna aliyejua kama nipo.

Nyaboke BP: Weh! Huyo mama Mungu ambariki. Ulimrudia?

Barafu Tupu: Tuache vyuo kwanza, huyo mama yuko wapi?

Nyaboke BP: Mimi nilianzia chuo cha jamii, vile vya umma vya miaka miwili, hapa Brooklyn Park. Usiku nahudumia wazee, asubuhi darasani, nalala kwa gari kati ya zamu. Nikakusanya zile krediti 40 za kozi za msingi ambazo vyuo vyote vya umma vya jimbo vinatambuliana, nikahamia chuo kikuu bila kurudia hata moja. Leo ni nesi na sina deni. Wanaokimbilia jina kubwa wacha walipe.

Profesa Mtarajiwa: Dada, vyuo vya jamii ni vya waliokosa pa kwenda. Ukiwa na alama, omba Macalester au Carleton, hivyo vidogo vya binafsi ndivyo vyenye misaada minono. Kofi Annan alimaliza Macalester 1961.

Nyaboke BP: Waliokosa pa kwenda?? Wewe umemaliza ama bado "mtarajiwa"?

Barafu Tupu: 😂😂 Huyo Annan mwenyewe alidharau vifunika masikio mpaka baridi ikamfunza adabu. Akaenda kununua vikubwa kuliko vyote dukani.

Profesa Mtarajiwa: Nimekaa Northfield miaka minne, Carleton na St. Olaf katika mji mmoja mdogo. Kauli mbiu ya mji ni ng'ombe, vyuo na kuridhika. Ng'ombe niliwakimbia kwetu Singida, nikawakuta wananisubiri.

Mama Wawili: Mimi niliingia kimoja cha binafsi kinachoendeshwa kwa faida, tangazo lake kwenye basi, "maliza haraka". Nikamaliza haraka kweli. Kwenda chuo cha serikali kuendelea, krediti zangu hawakupokea hata tatu. Mkopo nalipa mpaka leo. Kabla hujalipa hata shilingi, pigia simu chuo unachotaka kuhamia BAADAYE, uwaulize kama watapokea.

Barafu Tupu: Pole sana dada.

Mwana wa Pwani: Siku hizi si ni bure? Tangu 2024 jimbo linalipa ada kama familia iko chini ya dola 80,000 kwa mwaka.

Nyaboke BP: Ni kwa wakazi wa Minnesota, na vyuo vya umma na vya makabila ya Wahindi Wekundu tu. Mwenye viza ya mwanafunzi hayumo. Usimpotoshe kijana wa watu.

Mwana wa Pwani: Basi aoe.

Mtu wa Ziwa: Mkuu nawe!

Bin Kigoma: Mnaomuuliza mama: nilimrudia baada ya miaka minne, na cheti na lile koti nimelifulia. Cheti kakishika muda mrefu. Koti akasema nikae nalo, kuna mwingine atatua Januari.

Mtu wa Ziwa: Mpwa kapiga tena. Ni Morris.

Barafu Tupu: Ndiyo wapi?

Profesa Mtarajiwa: Magharibi, nyika tupu. Chuo kizuri kile, wana upepo mpaka wanaufulia umeme. Mwambie kofia iwe ya kufunga kamba.

Nyaboke BP: Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na wewe.

Mtu wa Ziwa: Anatua Januari. Bin Kigoma, lile koti saizi gani?