Makala iliyokuingiza mkenge kwenye utafiti: tupeane uzoefu

Wakuu, leo nadharia tuziweke kando. Kila mmoja aseme chanzo gani kilimponza na alishtukaje. Naanza mimi.

Mei 2020 nilipakua makala ya The Lancet kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini kwa wagonjwa wa korona. Jarida kubwa, wagonjwa takribani 96,000. Nani angetia shaka? Nikaipachika sura ya pili ya tasnifu yangu. Kumbe makala hiyo iliyotoka tarehe 22 Mei ilifutwa tarehe 4 Juni, baada ya kampuni iliyodai kukusanya data kukataa kuzitoa zote zikaguliwe. PDF yangu ilibaki vilevile, haina hata alama. Aliyeniumbua ni msimamizi: alibofya DOI (kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni) kwenye marejeo yangu, tangazo la kufutwa likamtokea usoni. Siku hizi kabla ya kukabidhi sura nabofya DOI zote upya. Inachosha, ila aibu ile sitaki tena.

Mchangiaji 2
Mkuu, yangu ni takwimu fulani ya asilimia iliyotajwa kila mahali. Nikarudi nyuma, huyu kanukuu kwa yule, yule kwa mwingine. Makala ya sita ndiyo mwisho wa njia: "inakadiriwa", basi, hakuna chanzo. Ni kama ile barua ya 1980 kwenye New England Journal of Medicine: sentensi 5, tena kuhusu wagonjwa waliolazwa, lakini ilinukuliwa zaidi ya mara 600, na wengi waliitumia kudai dawa za afyuni hazina uraibu wa kutisha.

Mchangiaji 3
Mimi nililipa kabisa jarida la kitapeli lichapishe makala yangu. Barua pepe iliniita "Profesa mheshimiwa" na ndiyo kwanza nasoma uzamili. Hapo tu ningeshtuka. Siku ya tatu makala imekubaliwa, hata koma haikuguswa. Baadaye nikamwandikia mmoja wa wahariri waliotajwa kwenye tovuti yao, akasema yeye hata halifahamu jarida hilo. Na ISSN walikuwa nayo! Ile ni namba ya utambulisho wa jarida tu, haipimi ubora.

Mchangiaji 4
Akili mnemba ilinipa marejeo manane. Waandishi wapo, jarida lipo, hadi kurasa. Nikafungua toleo lenyewe: kurasa zile ni za mtu mwingine, anazungumzia tahajia. Mimi natafiti hesabu.

Mwanzisha mada
Mchangiaji 3, hela ilirudi?

Mchangiaji 3
Thubutu! Niliomba waiondoe makala, wakanitajia ada ya kuiondoa.