Pigo la mbwembwe likigoma, ni mkono wa mchezaji au ni meza?

Mwana-Mwanjelwa (Mbeya) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Tunaandaa mashindano madogo ya mapigo ya mbwembwe kwenye pool, baina ya vijana wa hapa Mwanjelwa na wageni kutoka Iringa, na ubishi umeanza kabla hata chaki haijapakwa kwenye fimbo. Wageni wawili walitangulia kuja kuijaribu meza, wakashindwa pigo ambalo kwao wanalipiga bila shida. Fimbo inainuliwa karibu kusimama wima, mpira mweupe unapigwa ubavuni kutoka juu, unakwenda mbele kidogo, kisha unapinda kuuzunguka mpira wa kati na kuusukuma ule ulio nyuma yake hadi shimoni. Kwenye meza yetu mpira mweupe ulipinda mapema mno na kuugonga uleule uliopaswa kukwepwa, na walipoongeza nguvu ukapitiliza.

Meza yenyewe ni ya kuweka sarafu, kitambaa chake kimepauka katikati kwa kutumika, na baridi ya Julai ya hapa kwetu hakuna asiyeijua. Wageni wanasema meza haifai. Vijana wetu wanajibu kwamba mchezaji wa kweli hachagui meza, na wanalisema hilo kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika.

Naomba wenye ujuzi wanisaidie mambo mawili. La kwanza, pigo kama hilo linaposhindikana, kosa la mkono linaishia wapi na kasoro ya kifaa inaanzia wapi? La pili, niyaandae vipi mashindano haya ili atakayeshindwa akubali kuwa ameshindwa?

Fundi Meza (Mafinga) anajibu:

Kamwene, ndugu yangu. Kabla hujamhukumu mtu yeyote, kagua vifaa kwanza, kwa sababu meza nyingi za baa ninazoitiwa kuzitengeneza kati ya Makambako na Iringa zina kasoro ambazo wenyeji wamezizoea hadi hawazioni tena.

Anza na fimbo. Chukua ile inayogombaniwa, uielekeze ncha yake ya ngozi kwenye mwanga. Ikiwa inang'aa na imekuwa bapa, haiwezi kushika chaki, na pigo la kuinua fimbo litateleza hata kama mkono uko sahihi kabisa. Ikwangue kwa msasa hadi ngozi iwe na mikwaruzo na ncha irudie mviringo wake. Ikiwa imelika hadi imebaki nyembamba, ibandue na ubandike mpya. Wanaodharau kipande hiki wakumbuke kwamba bila hicho mapigo haya yasingekuwepo. Mfaransa François Mingaud ndiye aliyeipa umaarufu ncha ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 19, baada ya kuiboresha akiwa kifungoni. Chaki ya kisasa nayo, ile yenye silika ndani yake, ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1897.

Jambo la pili, na hapa ndipo ninapoitilia shaka meza yenu, ni mpira mweupe. Kwenye meza ya sarafu mipira mingine ikiingia inafungiwa ndani, lakini mweupe lazima urudi kwa mchezaji, na meza haina namna ya kuutambua isipokuwa uwe tofauti na mingine. Kuna meza zinazoutambua kwa ukubwa wake, na kuna zinazotumia sumaku, ambazo mpira wake mweupe umetiwa chuma ndani. Mpira wa kawaida wa pool una kipenyo cha milimita 57 hivi na uzito wa gramu 156 hadi 170. Upeleke huo wenu kwa mwenye duka aliye na mizani ya kidijitali, pamoja na mpira mmoja wa rangi, mlinganishe. Mpira mweupe ukiwa mzito kuliko mwenzake, ukigongana naye uso kwa uso bila mzunguko wowote hausimami, unaendelea mbele. Ukiwa mwepesi, unadunda nyuma. Mtu aliyejifunza kuvuta mpira urudi nyuma kwa mipira iliyolingana akija kwenye meza ya namna hiyo ataonekana hajui kitu.

Kuhusu usawa wa meza sina haja ya kueleza sana: weka pimamaji, kile kifaa cha fundi cha kupimia usawa, pande zote mbili, halafu usukume mpira polepole sambamba na ukingo, mara moja kila upande, uone kama unakimbilia katikati.

Mwalimu wa Fizikia (Njombe) anajibu:

Nakubaliana na Fundi juu ya ncha ya fimbo na kwa sehemu kubwa juu ya mpira mweupe, lakini uzito peke yake hautoshi kueleza kilichowapata wageni, kwa hiyo tulifuatilie pigo lenyewe.

Mpira unaopigwa ubavuni kutoka juu huondoka ukiwa na mambo mawili yasiyokubaliana: mwendo wa kwenda mbele, na mzunguko unaoelekea kwingine. Kinachoyapatanisha mambo hayo ni msuguano wa kitambaa. Muda wote ambao mpira unateleza juu ya kitambaa, msuguano huuvuta kuelekea upande wa mzunguko, na njia yake inapinda. Ukishaacha kuteleza na kuanza kubiringika, unanyooka. Gaspard-Gustave Coriolis, yuleyule ambaye jina lake linatumika katika somo la upepo, aliandika kitabu kizima cha hesabu za mchezo huu mwaka 1835, na alionyesha kwamba katika kipindi hicho cha kuteleza njia ya mpira ni parabola. Kitambaa kipya chenye utelezi huuacha mpira uende mbali kabla haujapinda vya kutosha. Kitambaa kilichozeeka na kujaa vumbi la chaki huushika mapema, nao hupinda mapema. Kwa hiyo mpira wa wageni haukukosea: kwa kitambaa mlichokieleza, ulikwenda pale ulipopaswa kwenda. Uzito unaingia kidogo tu, kwa kuwa mkono uleule ukipiga mpira mzito zaidi, mpira huo huondoka na kasi pungufu, na wenye kasi pungufu hupinda karibu zaidi na mpigaji.

Kanuni hiyohiyo inaonekana hata kwenye pigo la kawaida. Mpira uliopigwa katikati kabisa, bila mzunguko, huanza kwa kuteleza, na ukifika wakati wa kubiringika umebakiwa na sehemu tano kati ya saba za kasi yake ya mwanzo. Hilo halibadiliki, kitambaa kiwe kipya au kikuukuu. Kinachobadilika ni umbali ambao mpira unautumia kufika hapo, na katika mapigo ya mbwembwe umbali ndio kila kitu, maana kuna mpira mwingine unaosubiri njiani.

Baridi msiipe lawama zaidi ya inayostahili. Baridi ya Julai Mbeya ni kavu. Inaweza kuikaza raba ya kingo ikadundisha kwa unyonge, lakini pigo mlilolieleza haligusi ukingo kabla ya kufika. Unyevu ndio adui wa kweli, kwa kuwa sufu ya kitambaa hunyonya maji hewani, na wenzetu wa Tukuyu wakati wa masika wanalijua hilo. Na kwa kuwa kuna mtu aliyeniuliza pembeni: mwinuko wa Mbeya, ambao ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, hauna athari yoyote ya kuonekana kwa mpira unaotembea mezani.

Kocha wa Kihesa (Iringa) anajibu:

Ni mimi ninayewafundisha vijana hao wawili, na sitawatetea. Wamejifunza pigo hilo kwenye meza moja yenye kitambaa kipya, na walichokikariri ni mwendo wa bega na kiwiko. Kuusoma mpira bado hawajui. Mchezaji aliyekomaa akifika kwenye meza ngeni hupiga kwanza mapigo machache yasiyo na maana yoyote kwa mtazamaji: mpira mweupe peke yake, fimbo imeinuliwa, ili aone tu unapindia wapi. Baada ya hapo ndipo anaamua ausogeze ulengaji wake kiasi gani. Hiyo nayo ni sehemu ya ujuzi, na mimi naihesabu kuwa sehemu kubwa kuliko nguvu za mkono.

Wanaodhani vifaa ndivyo vinavyoamua kila kitu watazame biliadi ya kisanii, ile ya meza isiyo na mashimo na mipira mitatu. Humo kuna mapigo 76 yaliyopangwa tangu awali, kila moja lina thamani yake kati ya alama 4 na 11 kulingana na ugumu, mchezaji ana nafasi tatu kwa kila pigo, na jumla ya alama zote ni 500. Meza zake zinapashwa joto chini ya bamba la jiwe linalobeba kitambaa ili kitambaa kikae kikavu, na mipira ina vipimo maalumu. Mazingira yameondolewa visingizio karibu vyote. Hata hivyo alama ya kutajwa miaka mingi ni 427, aliyoipata Walter Bax wa Ubelgiji mwaka 2006. Alama 73 zilizobaki hapo huwezi kuzisingizia kitambaa.

Lakini naomba nisieleweke kwamba nawapa wenyeji ushindi wa bure. Yapo mapigo ambayo ujuzi hauwezi kuyaokoa, nayo ni yale ya kupanga mipira ikiwa imegusana, ambapo pigo moja linaingiza mipira kadhaa. Hapo mpira unakwenda kulingana na mstari wa mgusano na jinsi nyuso mbili zinavyosuguana. Mipira ikiwa michafu, wa mbele huvutwa pembeni zaidi ya pale unapokuwa safi. Ikitokea nafasi nyembamba kama karatasi kati ya mipira miwili, pigo limekufa kabla halijapigwa, na mpigaji hata akiwa bingwa wa dunia hana la kufanya. Meza za baa huwa na vishimo vidogo pale mipira inapopangwa kila siku, na mpira uliowekwa kando ya kishimo hicho hujisogeza wenyewe ukiondoa kidole. Vijana wa Mwanjelwa wanajua vishimo vya meza yao viko wapi. Huko ni kuwa mwenyeji, na tusikuite ufundi.

Mwamuzi Mstaafu (Tukuyu) anajibu:

Nimesoma yote na nashukuru, hasa kwa Mwalimu. Mimi nitalijibu swali la pili, maana la kwanza limekwisha kujibiwa na watu watatu ambao kila mmoja anadhani amempinga mwenzake.

Mwanangu, usitafute meza isiyo na kasoro, hutaipata. Hata Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na meza iliyopashwa joto kwa mabomba ya zinki ili mipira yake ya pembe za ndovu isipoteze umbo lake la mviringo, kwa hiyo malalamiko ya baridi yalianza zamani na yalianzia kwa wakubwa. Unachoweza kukifanya ni kuhakikisha kasoro inamwangukia kila mtu kwa kiwango kilekile.

Kwa hiyo wageni wapewe muda wa kuizoea meza, na uwe muda wao peke yao, bila wenyeji kusimama kando wakicheka. Mahali pa kila mpira pawekwe alama ndogo ya penseli kwenye kitambaa, na mpangaji awe mmoja kwa mashindano yote, asiwe wa Mbeya wala wa Iringa. Mipira ifutwe kwa kitambaa safi kabla ya kila pigo, kwa sababu alama ya chaki ikikaa mahali mipira inapogusana, mipira hiyo hushikamana kwa kitambo kidogo sana na mwelekeo huharibika, na mchezaji atalaumiwa bure. Fimbo kila mtu aje na yake akipenda. Hapo sioni sababu ya kumbana mtu. Thamani ya kila pigo ikubaliwe kwa maandishi kabla, si baada ya kuona nani amelipiga, na kila mchezaji apewe majaribio matatu kama kwenye biliadi ya kisanii.

Mapigo ya mipira iliyogusana yawe machache. Kocha ameeleza vizuri kwamba hayo ni mtihani wa mpangaji kuliko wa mpigaji, ingawa watazamaji ndiyo wanayoyapenda zaidi, na bila watazamaji huna mashindano.

Mwana-Mwanjelwa anajibu:

Ndaga fijo, wazee wangu. Mpira mweupe tumeupima kwenye mizani ya duka la nafaka jirani, na ni mzito kuliko wa rangi, kwa tofauti ambayo hata mkononi unaihisi ukishaambiwa. Ncha ya fimbo nayo ilikuwa imeng'aa kama Fundi alivyotabiri. Vijana wetu wamenyamaza kidogo.

Limebaki tatizo moja. Wageni wamejitolea kuleta mpira mweupe wa kawaida, unaolingana na mingine, utumike na pande zote mbili, nasi tumekubali. Lakini mpira huo ukiingia shimoni kwenye meza ya sarafu utafungiwa ndani pamoja na mingine, na katika mapigo haya mpira mweupe unaingia mara nyingi. Tutakuwa tunanunua mchezo mpya kila dakika.

Fundi Meza anajibu:

Mwombe mwenye meza ufunguo wa mlango wa mipira kwa siku hiyo, mlipane kwa saa badala ya sarafu. Wengi wanakubali mkiwa mmeagiza vinywaji. Akikataa, kunja vitambaa vizito uvisukume ndani ya mashimo yote sita hadi vikae chini ya usawa wa mdomo wa shimo, ili mpira uingie na kuonekana umeingia bila kushuka. Hakikisha tu visijae hadi mpira ukagonga kitambaa na kutoka tena, maana hapo mtaniita mimi kuja kuamua ugomvi mwingine.

Na hicho kitambaa cha meza kipigeni brashi kwa kufuata uelekeo wa nyuzi, kutoka upande mmoja wa meza hadi mwingine bila kurudi nyuma, jioni moja kabla. Hakitakuwa kipya, ila vumbi la chaki litapungua, na wageni waje kujaribu baada ya kazi hiyo kufanyika, wasijaribu kabla.