Mjadala: Nikihama kabla mkataba wa intaneti haujaisha, nilipie na miezi ambayo sitaitumia?

Habari zenu wote. Naleta hili hapa kwa sababu limeniumiza, na najua halikunipata mimi peke yangu.

Niliunganishwa faiba, yaani intaneti ya waya, nyumbani Kireka, hapa Uganda: mkataba wa miezi 12, shilingi 150,000 kwa mwezi, na kufungiwa bure, kazi ambayo bei yake kwa kawaida ni 360,000. Miezi saba nimelipa bila kuchelewa hata siku moja. Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake, nikapata pengine Mukono, mahali ambapo waya wa kampuni ile haujafika. Nikaenda ofisini kwao na ruta mkononi. Wakanipa bili ya 750,000, yaani miezi mitano iliyobaki, yote.

Hebu tupige hesabu pamoja. Zile 360,000 ukizigawa kwa miezi 12, kila mwezi niliokaa nimewarudishia 30,000. Kwa miezi saba ni 210,000. Kilichobaki ni 150,000, na hicho niko tayari kulipa leo. Ruta nimewarudishia, watamfungia mtu mwingine. Sasa hizo 600,000 nyingine kwenye bili ni za nini, wakati hawanipi intaneti wala hawanitumii fundi? Mimi sisemi mteja aondoke bure. Nasema ada ya kuvunja mkataba ishuke kadiri miezi inavyokwenda, na isizidi gharama ambayo kampuni haijairudisha.

Fundi, Najjera: Mzee, pole, lakini nakupinga. Hizi nyaya ndiyo kazi yangu. Ruta ni kitu kidogo. Waya uliotoka kwenye nguzo mpaka ukutani kwako ulikatwa kwa kipimo cha nyumba yako, haufai kwingine. Halafu kuna vijana waliopanda nguzo na petroli ya gari. Watu wakiruhusiwa kuondoka kirahisi, kampuni itadai 360,000 siku ya kwanza, na yule mama mwenye duka anayelipa mwezi kwa mwezi hataunganishwa kamwe. Ulisoma, ukasaini.

Mwanzisha mada: Fundi, waya, vijana na petroli vyote vimo ndani ya zile 360,000. Ndiyo maana sikatai kulipa sehemu iliyobaki. Nakataa kulipia waya huohuo mara mbili.

Mchangiaji, Entebbe: Kusaini si mwisho wa maneno. Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale unapovunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo 750,000 ndiyo dari, si bei. Ni kweli sheria haiilazimishi kampuni kuthibitisha hasara kwanza, na hapo ndipo watakapokubana. Lakini neno "haki" limo, na kampuni iliyoacha kukuhudumia miezi mitano kuna gharama imeziokoa.

Usibishane nao kwa simu. Andika barua, udai mchanganuo wa bili, na ruta isainiwe kwamba imepokelewa, tarehe iwepo. Wakikataa au wakinyamaza, peleka nakala Tume ya Mawasiliano, UCC. Sheria ya Mawasiliano ya 2013 imeipa kazi ya kupokea na kuchunguza malalamiko kama haya. Watu wengi wetu tunasema mwenye nguvu mpishe, tunalipa, na kampuni zinajua.

Mwalimu, Gulu: Mbona hatuuliziani kampuni ikivunja inalipa nini? Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima ikarudi tarehe 18. Kampuni zilisema ni amri kutoka juu, na ni kweli zilipewa amri. Mikataba yao ina kipengele kinachowalinda wakizuiwa na jambo lililo nje ya uwezo wao. Sawa. Mteja aliyefukuzwa kazi, au aliyetolewa kwenye nyumba kama ndugu yetu huyu, kipengele chake kiko wapi? Na anayelipia kasi ya megabiti 20 kwa sekunde akapata 3 kila jioni, kwa nini ahesabiwe yeye ndiye aliyevunja?

Fundi, Najjera: Kasi ndogo nakubali, hapo kampuni haina la kusema, mradi mteja ameripoti na amehifadhi namba ya malalamiko. Lakini kuhama ni jambo la mteja. Kampuni haikumhamisha.

Mwanzisha mada: Wala mimi sikujihamisha, fundi. Nilipewa notisi.

Jumatatu napeleka barua na kuwaahidi 150,000, nikidai mchanganuo wa hizo nyingine. Aliyewahi kupunguziwa bili ya namna hii, hasa mlio Kampala na Wakiso, naomba mniambie mliandika nini na mlijibiwa baada ya muda gani.