Saidia fundi, makuli, wachimba vyoo: tupeane uzoefu, siku gani uliponea chupuchupu?

MkuuWaKarai: Wakuu, leo nimepita Goba nikakuta vijana wanapandisha zege kwenye ngazi ya mirunda, mgongo ukaniuma bila kubeba kitu. Mwageni.

Lumbesa: Soko la Mabibo, gunia la viazi. Mwenye mzigo anasema halizidi kilo 100, kama sheria inavyotaka. Mgongo unasema kuna mtu kalala ndani.

Sululu77: 😂😂 Kweli tupu.

GambutiJeupe: Ngoja nimwage. Ghorofa, siku ya slabu. Nipo juu, karai begani, mrunda ukakatika. Nikashuka bila ngazi. Kabla ya giza nilimsikia fundi mkuu: "Zege halilali, mvuteni pembeni!" Wakanilaza juu ya mifuko mitupu ya saruji, mikisa ikaendelea kuzunguka. Tuseme ukweli, alikuwa na hoja: saruji ikishalowa haisubiri mgonjwa.

Nazinduka niko nyuma ya kirikuu, mkono umevunjika. Nikatulia nisikilize. Wawili wanabishana magambuti yangu yanamtosha nani. Mmoja anakusanya rambirambi, buku buku. Bosi kasema "nitaangalia". Aliyelia kwa uchungu ni mama ntilie peke yake, nilikuwa nakula kwa daftari tangu msingi. Nikafumbua macho. Jamaa akanuna waziwazi, alikuwa kashanivua la kushoto. Rambirambi wakainywea supu nje ya zahanati, eti hela ya msiba hairudishwi.

Sululu77: La kushoto ulirudishiwa?

GambutiJeupe: Limechanika.

Lumbesa: Chumvi nyingi. Halafu nyie wa karai mnadeka, njooni sokoni.

GambutiJeupe: Nikutumie eksirei?

Lumbesa: Eksirei ya nani?

Sululu77: Wote mnafanyia kazi kwenye jua, mshukuruni Mungu. Mimi nipo chini ya shimo la choo, mwenye nyumba kachungulia: "Bado futi ngapi?" Mbili, mama. Akavuta ngazi, akaondoka nayo hadi zitimie.

MkuuWaKarai: 😂😂😂 Uzi ufungwe.

Mwanasheria_Mtaa: Ndugu zangu, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, sheria ya 2008. Anayechangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Ukiumia kazini unadai.

GambutiJeupe: Mwajiri wangu anaitwa Bosi. Jina la pili sijui, na namba yake haipatikani.

MamaWawili: Mnywe maziwa kila jioni, yanashusha vumbi la saruji.

Mwanasheria_Mtaa: Mama, vumbi linaenda mapafuni, maziwa yanaenda tumboni. Wafunge barakoa. Na saruji mbichi ikigusa ngozi, maji mengi haraka, inaunguza.

Lumbesa: Gongo inafika kote kuwili.

MamaWawili: Ndiyo maana mnaanguka.

GambutiJeupe: Nilikuwa mkavu!

Lumbesa: Eksirei itasema.

Sululu77: Mkimaliza kugombana, kesho nina shimo Mbezi, natafuta mtu wa kuvuta ndoo. Aje na ngazi yake.