Naomba ushauri: harufu ya ulanzi (pombe ya mianzi) inanitesa

Habari zenu ndugu zangu. Niko Kilolo, Iringa, nina miezi saba sijagusa pombe. Shida ni msimu huu wa mvua. Jioni nikitoka shambani napita kilabuni. Madumu yamepangwa mlangoni, povu linachuruzika, na ile harufu tamu yenye uchachu ikinifikia tu, mate yananijaa mdomoni. Hapo sijaona hata kikombe!

Mwalimu mmoja wa hapa kijijini alinieleza habari za Pavlov, Mrusi aliyezoesha mbwa kudondosha mate kwa kusikia mlio tu, chakula hakijaletwa. Akasema harufu hufika upesi sehemu za ubongo zinazoshika hisia na kumbukumbu. Nimeamini, maana hunijia hadi vicheko vya wenzangu wa zamani.

Zamani nikinywa nilikuwa nalala fofofo, saa tisa usiku macho makavu. Sasa usingizi umetulia, sitaki kuupoteza.

Waliopitia haya, nisaidieni: nizungukie njia ya mtoni, ndefu na yenye utelezi, au niendelee kupita bila kunywa mpaka mwili uzoee? Mwalimu anasema mazoea hufifia hivyo, ila yanaweza kurudi ghafla. Mke wangu anataka nizunguke. Ninyi mlifanyaje?