Naomba ushauri: mbegu ya haibridi naweza kuirudia msimu ujao?

Wakuu, habari za majukumu. Nalima mahindi Kilosa. Pakiti za dukani zimeandikwa haibridi F1 (yaani uzao wa kwanza), na hapa kijijini kila mtu anaelewa lake: wengine wanadai ni mbegu iliyotiwa dawa, wengine GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba maabara. Ninavyofahamu, ni chotara tu, wazazi wawili tofauti waliochavushwa kwa makusudi. Ile rangi ya pinki ni ya dawa ya wadudu na fangasi, hata mbegu za kawaida hupakwa.

Shida yangu ni kuirudia. Mama mkwe keshachagua mahindi makubwa ya haibridi na kuyatundika jikoni juu ya moshi yawe mbegu. Najua uzao wa pili hutofautiana kimo na mavuno hushuka, lakini bei ya pakiti mpya inatuumiza sana.

Nafikiria nusu ya shamba nipande Staha au TMV-1, aina za mahindi zisizo haibridi ambazo mkulima anaweza kujitunzia mbegu. Sasa majirani wote wamepanda haibridi, na chavua ya mahindi husafirishwa na upepo, kwa hiyo yao inaweza kuchanganyika na mbegu yangu. Mliowahi kufanya hivi, mlitenganishaje? Kupishanisha tarehe za kupanda kunatosha? Na mama nimweleweshe vipi bila kumvunjia heshima?